Maji yalitakata, nami nikaaibika

Juzi kijana mmoja wa Nala, hapa Dodoma, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Kisima chetu kinanuka dizeli tangu gereji ya jirani ianze kumwaga mabaki. Nitie peroksaidi kiasi gani?" Swali hilo limenikumbusha nilivyopata jina la utani.

Nilikuwa mgeni maabara moja hapa Dodoma. Tukaletewa madumu ya maji yenye mafuta, nikajitosa na njia ya Fenton, ile ya tangu 1894: unashusha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hadi karibu 3, unatia salfati ya chuma, kisha peroksaidi ya haidrojeni kidogo kidogo. Chuma huipasua peroksaidi, na kinachozaliwa hapo hushambulia mafuta bila huruma. Baada ya saa mbili harufu ikakata. Nikapandisha pH hadi 7, chuma kikatuama, maji ya juu yakang'aa. Nikapiga picha, nikatupia kwenye grupu la kazini: "Kazi imeisha." Pongezi zikamiminika.

Kesho yake dada wa vipimo vya sumu akaweka Daphnia, vile vidudu vinavyorukaruka majini kama viroboto. Kipimo ni cha saa 48, ila hatukufika huko. Hadi jioni hakuna hata kimoja kilichokuwa kinacheza. Kwenye maji machafu ya mwanzo, vingine vilikuwa bado vinaogelea! Bosi akasema kikaoni, mbele ya watu wote: "Huyu katusafishia harufu." Mpaka leo wapo wanaoniita Mzee wa Harufu. Siwalaumu. Nawalaumu kidogo.

Peroksaidi ilikuwa imebaki, na hiyo peke yake inaua Daphnia. Tena benzini, sumu mojawapo iliyomo kwenye mafuta, haiishi kwa mkupuo: hugeuka kemikali nyingine, fenoli, kisha haidrokwinoni, na haidrokwinoni ni kali kwa vidudu hivyo kuliko benzini yenyewe. Ukikatisha njiani, umezalisha watoto wabaya kuliko mama yao. Niliporudia niliiacha kazi iendelee hadi asubuhi, nikapima peroksaidi kwa vikaratasi, iliyobaki nikaimaliza kwa katalesi, kimeng'enya kinachoivunja, ndipo nikaita vidudu. Safari hii 19 kati ya 20 viliogelea. Hiyo picha hakuna aliyeipongeza.

Sasa vijana, nisikieni. Pimeni peroksaidi kwanza. Narudia, pimeni peroksaidi kwanza. Na acheni kuamini pua: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzini kwa lita, na kiasi hicho hakuna pua inayokisikia. Jiji hili linakunywa maji ya ardhini ya Makutupora, halafu mtu anamwaga oili chafu mchangani kama vile mchanga una kizibo.

Kijana wa Nala nimemjibu asitie chochote kisimani, maana peroksaidi kali ikikutana na mafuta huweza kuwaka moto. Watu waache kuchota, aende Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, gereji izuiwe kwanza. Nimeandika ujumbe mrefu kuliko makala hii. Tiki mbili za bluu, kisha dole gumba.