Mdomo sungura: kabla ya kumtafuta mchawi, washa tochi uangalie kaakaa

Mkuu mleta mada, hongera nitakupa siku nyingine. Mtoto wako ana siku tano na amezaliwa na mdomo uliopasuka. Umeandika "ananyonya hata saa nzima, maziwa mengine yanatokea puani, kisha analala kimya", halafu ukapita moja kwa moja kuuliza kama ni kweli mkeo alimcheka mtu mwenye mdomo wa hivyo na kwamba ndicho chanzo, kama anavyodai mama mkwe, mpasuko huu ni daraja la ngapi, upasuaji bei gani na mtoto wa pili atatokaje. Hayo yasubiri. Ndani ya siku hizi tano, kuna mtu yeyote aliyemfungua mtoto kinywa akaangalia kaakaa mpaka nyuma kwenye kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni? Sisemi kuchungulia. Nasema kuangalia.

Jibu nalijua, maana karatasi yako ya kuruhusiwa inasema "mdomo sungura, arudi akiwa na miezi mitatu". Karatasi kama hiyo niliwahi kuiamini, na ada yake nimeshailipa, wewe usiilipe tena. Aliyeiandika aliona pengo usoni, akajaza neno ambalo hata kondakta wa daladala angelijaza, akafunga faili. Pengo la mdomoni halihitaji mtu aliyekaa darasani miaka mitano. Kazi yake ilikuwa ni lile lisiloonekana! Mdomo unaweza kupasuka kidogo tu upande wa kushoto, ufizi ukawa mzima, kaakaa gumu likawa zima, na kule nyuma kaakaa laini likawa limeachana vipande viwili. Kuna hata makaakaa yaliyopasuka kwa siri: utando wa juu umefunika, ila misuli ya ndani haikukutana.

Fanya hivi mchana, karibu na dirisha, na mtoto asiwe ametoka kunyonya, utamtapisha. Nawa mikono, kata kucha. Mlaze mapajani, kichwa kije upande wako, kidevu kiinuke kidogo, mwenzako ashike tochi ya simu. Kandamiza ulimi taratibu kwa kile kijiti bapa cha mbao. Akilia usimbembeleze haraka, kilio ndicho kinachomfungua kinywa ukaona nyuma. Fuata mstari wa katikati: ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kimeo. Mkono ukikutetemeka nenda kliniki, mwambie nesi afanye mbele yako, na usitoke mpaka umekiona kimeo kwa macho yako.

Kidole peke yake hakitoshi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatia kidole, wanagusa mfupa mgumu wa mbele, wanasema "kaakaa lipo". Kidole kinatumika baada ya macho, nacho kina kazi yake. Kwa ncha ya kidole kidogo, fuata ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu. Ukikuta pengo kama herufi V hapo katikati, juu ya mstari kuna utando mwembamba wa rangi ya samawati, na kimeo kina ncha mbili kama ulimi wa nyoka, huo ndio mpasuko wa siri. (Kimeo cha namna hiyo ndicho kimeo kweli kweli. Samahani, nikikosa utani nitavunja simu.) Na akitokea shangazi mwenye fundi wake wa kukata vimeo kwa ajili ya kikohozi, mfungie mlango. Akikikata anamjeruhi mtoto na anafuta dalili ambayo daktari angeiona kwa sekunde moja.

Kwa nini nang'ang'ania hili? Chukua mrija wa soda, utoboe katikati, kisha uvute. Utavuta hewa mpaka mashavu yaume. Kunyonya kunataka chumba kilichofungwa mbele na nyuma. Mpasuko wa mdomo peke yake mara nyingi titi lenyewe huuziba, au mama anauziba kwa kidole gumba, na mtoto ananyonya vizuri. Kaakaa likiwa wazi hakuna mvuto. Taya zinacheza, mdomo umeshika chuchu, kila mtu anasema "anajitahidi", kumbe anachopata ni matone na nguvu anazochoma ni nyingi kuliko anazoingiza. Ule utulivu unaousifia huenda ni uchovu. Aliyetuambia kwamba mtoto mkimya ni mtoto aliyeshiba, hapa jukwaani sitamtaja, ila namtakia foleni ndefu.

Kwa hiyo mkikuta kaakaa liko wazi, mkeo akamue maziwa. Kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza kadiria mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 3 ni mililita 450, gawa mara nane, inakuja kama 55 kila mlo. Mkalishe wima, asilale chali. Tumia chupa laini inayominyika: anapovuta unaminya kidogo, akipumzika kupumua unaacha. Chuchu ielekee upande ulio mzima, usiichomeke kwenye pengo. Kama chupa hiyo hamna, kikombe kidogo kinafaa: maziwa yaguse mdomo wa chini ayarambe mwenyewe, usimmiminie. Mcheulishe mara kwa mara maana anameza hewa nyingi. Mlo usizidi nusu saa, ukizidi mnamchosha tu. Na tafadhali msipanue tundu la chuchu kwa sindano ya moto mpaka maziwa yatiririke, atapaliwa, na maziwa yakiingia mapafuni mnaanza ugonjwa mwingine.

Mizani ndiyo itakayowaambia ukweli. Mpime mtupu, mizani ileile. Siku ya 10 hadi 14 awe amerudia uzito wa kuzaliwa, baada ya hapo aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Akiwa amepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, au analegea, au anabadilika rangi wakati wa kulishwa, hiyo siyo habari ya kuuliza jukwaani, kimbia hospitali. Vilevile akiwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma na anakoroma akilala chali: ulimi unamzibia njia ya hewa. Mlaze ubavu mkiwa njiani.

Na ile "miezi mitatu" waliyokuandikia wamesahau nusu ya sentensi. Kanuni ya zamani ya wapasuaji kwa mdomo ni wiki 10, uzito wa paundi 10, yaani kama kilo 4.5, na damu (hemoglobini) gramu 10 kwa desilita. Mtoto aliyeshinda miezi mitatu ananyonya hewa anafika na kilo 3, daktari wa usingizi anakataa, na yuko sahihi. Mnarudishwa nyumbani. Umepoteza miezi, nauli, na mtoto amedhoofu, yote kwa sababu hakuna aliyewasha tochi. Kaakaa lenyewe hufungwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, ili aanze maneno akiwa na kaakaa linalofunga. Wakati huohuo masikio yafuatiliwe, maana misuli inayofungua mrija wa sikio ni hiyohiyo ya kaakaa laini, na majimaji hujikusanya ndani.

Sasa "daraja la ngapi". Mdau hapo juu amekujibu "daraja la kwanza, ndiyo nafuu". Mdau, umesoma wapi? Mgawanyo wa madaraja wa Victor Veau, mpasuaji Mfaransa, wa mwaka 1931 hauna kabisa nafasi ya mdomo peke yake! La 1 ni kaakaa laini tu. La 2 ni laini na gumu mpaka kile kitundu kilicho nyuma ya meno ya mbele. La 3 linapita mpaka ufizi na mdomo upande mmoja, la 4 pande zote mbili. Kwa hiyo "daraja la 1" kwa mtoto mwenye mdomo uliopasuka tayari ni swali, siyo jibu. Mimi napenda herufi za LAHSHAL, ambapo kila herufi ni sehemu moja ya kinywa: mdomo, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kisha kurudi kaakaa gumu, ufizi, mdomo, kuanzia kulia kwa mtoto kwenda kushoto. Herufi kubwa mpasuko kamili, ndogo nusu, nukta ni pazima. Ule mfano niliotoa juu, mdomo nusu kushoto na kaakaa laini lote, unaandikwa "...S..l". Uzuri wake ni kwamba mtu hawezi kuziandika bila kuangalia sehemu zote. Mwombe daktari aziandike kwenye kadi, umtazame usoni anavyofika kwenye S, yaani kaakaa laini.

Mama mkwe mwambie hivi: mdomo huungana wiki ya 4 mpaka ya 7 ya mimba, kaakaa wiki ya 6 mpaka ya 9. Wakati huo wengi hata hawajapima. Aliyechekwa mwezi wa sita wa mimba hakuwa na cha kupasua. Chanzo mara nyingi ni mchanganyiko wa kurithi na mazingira: sigara, pombe, kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, dawa za kifafa kama valproate na phenytoin (mama asiziache mwenyewe, azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba). Ukiwa na tochi hiyohiyo, mtazame mtoto na nyinyi wazazi mdomo wa chini. Vishimo viwili vidogo hapo vinaonyesha hali ya kurithi, ambayo kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi.

Wataalamu wa bando njooni mnitukane, helmeti nimevaa. Wewe mkuu, picha ya kinywa cha mtoto usiitupie humu. Jioni andika mambo mawili tu: kimeo kina ncha ngapi, na mizani imesoma gramu ngapi.