Miguu kifundo: kisigino kinachomoka kwenye kiatu chenye chuma

SWALI: Mwanangu ana miezi minne, alizaliwa na miguu kifundo yote miwili, yaani nyayo zimepinda kuelekea ndani. Alifungwa plasta mara sita, kila wiki, akakatwa kano ya kisigino, na sasa ana wiki tano kwenye viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Mguu wa kulia unachomoka kila usiku na kisigino kina lengelenge. Nikilegeza kamba analala. Mama mkwe anasema miguu imeshanyooka, nivivue nimkande kwa mafuta, maana karibu tunahamia shambani kuokota korosho. Nifanyeje? (Mama, Tandahimba)

JIBU: Pole, mama. Lengelenge na kuchomoka vina chanzo kimoja: kisigino hakijakaa chini, kinapanda na kushuka ndani ya kiatu na kusugua ngozi. Ukilegeza kamba, kinasugua zaidi.

Anza na mguu unaosumbua. Mvalishe soksi ya pamba, mshono usiwe kisiginoni. Kunja goti, hapo msuli wa nyuma ya mguu unalegea na kisigino kinashuka. Ingiza mguu, sukuma kisigino chini na nyuma, kishikilie hapo kwa kidole gumba huku ukifunga mkanda wa katikati, ule unaopita mbele ya kifundo cha mguu. Mkanda huo ndio unaozuia kuchomoka, kamba zinafuata. Kama kiatu kina tundu nyuma, chungulia: lazima uone kisigino. Kisha weka alama ya kalamu kwenye soli ya ndani pale vidole vinapofika. Usiku ukikuta vidole vimerudi nyuma ya alama, kisigino kimepanda, funga upya. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu wake, kisha achia: weupe uondoke ndani ya sekunde mbili. Weupe ukichelewa kuondoka, au vidole vikivimba, umekaza mno.

Lengelenge usilitumbue, na usipake mafuta wala losheni, ngozi inalainika na kuchubuka haraka. Likipasuka, safisha kwa maji safi, kausha, funika kwa bandeji nyembamba. Likitoa usaha, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Kwa joto letu la Novemba soksi hulowa jasho mapema, ibadilishe kila inapolowa.

Ni kweli miguu imenyooka, mama mkwe hajakosea kuona hivyo. Lakini kano na tishu zile zile zilizoivuta ndani bado zinakua, na mtoto akiacha viatu mapema miguu hurudi kupinda. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kurudia plasta. Ratiba ni saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku na usingizi wa mchana, saa 12 hadi 14, mpaka afike miaka minne au mitano. Wewe bado una kama wiki saba za saa 23. Akianza kutembea, mchana akiwa macho hatavivaa.

Kukanda kwa nguvu sikushauri kabisa. Mifupa ya unyayo wake kwa sehemu kubwa bado ni gegedu, yaani laini, haijawa mfupa mgumu. Ukisukuma mbele ya unyayo kwenda juu wakati kisigino hakishuki, unyayo unavunjikia katikati na kubinuka. Saa moja ya siku asiyovaa viatu itumie kumwogesha, kukagua ngozi na kumwacha arushe miguu.

Kwa sababu ya chuma, mtoto huyu hawezi kupiga mguu mmoja mmoja. Mfundishe: shika chuma, kunja na nyoosha magoti yote mawili pamoja, kama mchezo, mara kadhaa kila unapomvalisha. Wengi wanaacha kulia siku ya pili au ya tatu wakishaelewa. Usimvue wakati analia, atajifunza kwamba kulia kunafungua kiatu.

Chuma kiwe na upana wa mabega yake, na viatu vyote viwili vigeuzwe nje nyuzi 60 hadi 70 (mtoto wa mguu mmoja, ule mzima hugeuzwa 30 hadi 40). Asikiguse fundi wa mtaani. Na ukifuata hatua zote bado kisigino hakishuki, au ukikunja unyayo juu haufiki pembe mraba na mundi (sehemu ya mbele ya mguu chini ya goti), kliniki haraka: huenda mguu umeanza kurudi, na plasta chache za mapema huurekebisha.

Shambani nenda naye na viatu, soksi jozi nne au tano, na kitambaa cha kuzungushia chuma kisimuumize mtu mkeka mmoja. Tarehe ya kliniki ikiangukia katikati ya msimu, omba ya mapema kabla hamjaondoka, kwa sababu vidole vikianza kupita ukingo wa kiatu anahitaji saizi nyingine.