是 (shì, «ni» ya Kichina) si «ndiyo» ya kila swali: kwenu mliofika China Septemba

Wadogo zangu, wiki hii nimemsaidia mwalimu wenu kusahihisha madaftari ya darasa la Kichina, na nimekuta 我是好 («mimi ni mzuri»), 他是忙 («yeye ni shughuli») na 我是累 («mimi ni uchovu») ukurasa baada ya ukurasa. Ni makosa yale yale waliyotuachia kaka na dada zetu, na sisi tukawaachia nyie. Nawapenda, lakini leo nina ukali kidogo. Mnatokwa jasho kwa herufi zenye mistari mingi kama 谢 na 餐, halafu 是 mnaipita mbio kwa sababu mmeambiwa ni «ni», basi.

1. Kuandika. Mistari ni tisa. Anza na 日 juu: wima wa kushoto, mlalo wa juu unaokunja kushuka kulia, mlalo wa ndani, ndipo mlalo wa kufunga chini. Wengi mnafunga kwanza halafu mnachomeka ule wa ndani, acheni. Kisha mlalo mrefu unaozidi upana wa 日, wima unaoshuka katikati yake, mlalo mfupi upande wa kulia, 撇 (mstari wa kushuka kimshazari) kwenda kushoto, na mwisho 捺 (mshazari wa upande wa pili) ndefu kwenda kulia. Msiseme mpangilio hauna kazi. Wachina wakiandika haraka huunganisha mistari kwa kufuata mpangilio huo huo, na asiyeujua hasomi mwandiko wa mtu. Hilo nitalirudia hapo chini, kwa uchungu.

2. Kutamka. Hii si «shi» ya «shika». Kunja ulimi nyuma, usitanue midomo, na toni ya nne ishuke mara moja. Ikitanguliwa na 不 (bù, ya kukanusha), hiyo 不 inapanda kuwa toni ya pili: bú shì. Asubuhi semeni 四是四，十是十，十四是十四，四十是四十 (nne ni nne, kumi ni kumi, kumi na nne ni kumi na nne, arobaini ni arobaini) mpaka mwenzako wa chumbani alalamike.

3. «Ni» yetu ina kazi nyingi kuliko 是. Kwa nomino hakuna shida: 我是学生, mimi ni mwanafunzi. Kwa sifa ndipo mnapoanguka. Kiswahili kinaruhusu «yeye ni mrefu», ila Kichina ni 他很高, bila 是, na hiyo 很 («sana») mara nyingi haina hata uzito wa maana yake. Dawa tunayo nyumbani. Hatusemi «mimi ni uchovu», tunasema «nimechoka». Basi 高 (kuwa mrefu), 忙 (kuwa na shughuli) na 累 (kuchoka) zichukueni kama vitenzi, zinajitegemea. Na hapa tuna bahati ambayo wenzetu waliozoea Kiingereza hawana: sisi tayari tunatenganisha «ni» na «yuko». Mwalimu yuko darasani, 老师在教室. Sijaelewa kwa nini kuna mtu wa Tanga anaandika 老师是教室, «mwalimu ni darasa»! Na «nilikuwa mwalimu» ni 我以前是老师. Msibandike 了 (alama ya jambo lililokwisha kutokea) kwenye 是 kutafuta wakati uliopita.

4. Kujibu. Ukiulizwa 你吃饭了吗？ («umekula?») usijibu 是. Jibu kwa kitenzi: 吃了 («nimekula»), au 还没 («bado»). Najua mnaona ni jambo dogo. Mimi nililiona dogo nikiwa nimeshapasi HSK 4, mtihani wa Kichina wa ngazi ya nne, wakati mama mmoja wa Kariakoo, mtu wa nyumbani kabisa, aliponiomba nimsindikize soko la jumla la viatu Guangzhou. Bei tulipatana, saizi tukazipanga, rangi tukazichagua, na mama akafurahi akaniita mwanangu mbele ya kila mtu. Mwishoni muuzaji akauliza harakaharaka: 盒子不要了，是吧？ («maboksi huyataki, siyo?») Lilikuwa swali la kawaida. Wateja wengi wanaosafirisha kwa kontena hutoa viatu kwenye maboksi ili wapunguze CBM, yaani mita za ujazo za mzigo. Mimi nilidaka 盒子 (maboksi), nikadaka 是吧 (siyo?), hiyo 不要 (hutaki) ya katikati ikanipita. Nikajibu 是，是，是, kama nilivyokuwa nikijibu kila kitu ambacho sikukisikia vizuri. Muuzaji akaandika kwenye fomu. Sikuisoma, kwa sababu mwandiko ulikuwa wa haraka na sikutaka mama aone nakwama. Nikamwambia, «Tayari mama, weka saini.» Akaweka.

Mzigo ulipofika Dar akanipigia. «Mwanangu, maboksi yangu yako wapi?» Alikuwa anauza viatu vya kiume vya ofisini, dukani, kwa wateja wanaotaka kufunguliwa boksi mbele yao. Vilikuja vimebanwa kwenye viroba, vingine pua zimebonyea. Nikamtafuta muuzaji WeChat nikiwa nimepania kugombana. Akanitumia picha ya fomu. 不要盒, «bila maboksi», na saini ya mama chini yake. Mama aliishia kuwauzia machinga kwa bei ya kutupa. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba safari ijayo atatafuta mtu mwingine, na kweli alitafuta.

Kinachoniuma ni kwamba sarufi ilikuwa upande wangu. Ukiulizwa kwetu «maboksi huyataki, siyo?» ukajibu «ndiyo», umeyakataa, na Kichina kinakwenda hivyo hivyo. Kanuni niliijua. Tatizo ni kwamba 是 niliigeuza pazia la kuficha kutosikia. Kwa hiyo, wadogo zangu: hujasikia, sema 请再说一遍 («tafadhali rudia»), hata mara tatu. Umesikia, rudia jambo lenyewe: 盒子要，每双都要 («maboksi nayataka, kwa kila jozi»). Kisha liandike WeChat, na fomu isomwe kabla ya saini ya mtu yeyote.

5. 是……的. Jambo limeshatokea na unauliza lini, wapi au kwa njia gani, ndipo mahali pake: 你是什么时候来的？ («ulikuja lini?») Jibu: 我是九月来的 («nilikuja Septemba»). Si 我九月来了. Mtaulizwa swali hili na kila mtu, kuanzia mlinzi wa bweni hadi dereva wa teksi, kwa hiyo lifanyieni mazoezi leo leo.