Nyasi za kunyunyizia na maji ya kisima

SWALI: Assalaam aleikum, Mzee. Nimejenga nyumba ndogo ya wageni njia ya Mayungu, nje kidogo ya mji wa Malindi. Mbele nina uwanja wa mita za mraba 400, mchanga mtupu na vipande vya matumbawe. Mwanangu amenionyesha kwenye simu watu wakimwaga uji wa kijani kwa mpira, na baada ya wiki chache uwanja mzima una nyasi. Yuko fundi anayesema ataleta mashine hiyo Februari. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi kidogo, lakini minazi inayanywa bila shida. Nimpe kazi?
Mama wa wageni, Mayungu

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Usimpe bado, na asije Februari.

Ule uji ni maji, mbegu, mbolea, nyuzi za mbao au karatasi zilizosagwa, na gundi ya kuushikisha chini. Rangi ya kijani ni ya kumwonyesha mpulizaji alikokwisha kupita, basi. Nyuzi hutunza unyevu kuizunguka mbegu na kuizuia isichukuliwe na upepo. Ni kazi nzuri hasa kwenye miteremko, kama kingo za barabara, ambako mbegu ya kumwaga kwa mkono huteremka na mvua ya kwanza. Uwanja wako, kama ni tambarare, hauna shida hiyo. Shida yako ni maji.

Minazi isikudanganye. Mnazi ni mti wa ufuoni. Hata ukoka, ambao ndio mbegu inayofaa joto letu, ukishakomaa huvumilia chumvi vizuri, ila mche wake wa siku kumi hauwezi. Niliwahi kupanda ukoka kwa maji ya kisima kama chako, nikiwa sijui. Siku ya tisa uliota laini kama malaika kwenye mkono wa mtoto, nikafurahi mno. Wiki iliyofuata ncha zikageuka manjano, kisha ukanyauka wote, na kila nilipozidi kumwagilia ndivyo nilivyozidi kuongeza chumvi. Mbegu ilikuwa nzuri, na kazi niliifanya kwa bidii. Bado naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo anza na mikebe miwili. Itoboe chini, ijaze mchanga wa uwanjani kwako, panda mbegu 50 za ukoka kila mmoja, usizifukie zaidi ya nusu sentimita. Mmoja umwagilie maji ya kisima, mwingine maji ya mvua au ya bomba. Usiishie kuhesabu zilizoota. Ngoja wiki tatu uhesabu zilizo hai.

Wa kisima ukishindwa, piga hesabu ya maji ya kununua. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wako ukitaka milimita 5 kwa siku, hizo ni lita 2,000, na kwa wiki mbili lita 28,000. Tena hayamwagwi mara moja: ni kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu uji ukikauka mbegu ikiwa imeanza kupasuka, imekufa. Februari ni kaskazi na jua kali, ndiyo maana nakukataza. Mvua nzito ya Mei nayo huweza kuusomba uji kabla haujashika. Ningengoja masika yapungue, mwezi wa Juni au Julai, mvua ndogo za mchoo, zinazofuata masika, zikusaidie.

Muulize fundi ni mbegu gani anayotia kwenye tangi. Akikutajia nyasi za Kikuyu, mwambie hizo ni za nyanda za juu zenye baridi. Na akitumia usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, badala ya nyuzi za mbao, hakikisha umesuuzwa kwa maji matamu, maana makumbi huku kwetu hufukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike, na chumvi hubaki ndani.

Lakini ungekuwa uwanja wangu, dada, ningepanda nyasi za Pemba. Hazipandwi kwa mbegu. Unaomba vipande vya shina kwa jirani, unavitia kwenye mistari, shubiri moja kati ya kipande na kipande, baada ya kuchanganya mchanga na samadi iliyooza. Majani yake ni mapana, si laini kama ya kwenye simu, ila huvumilia chumvi na kivuli cha mwembe, na kipande chenye fundo huanza maisha kikiwa na nguvu kuliko mbegu. Navyo pia vinataka maji matamu mpaka vishike mizizi. Panda mstari mmoja wa majaribio kando ya ile mikebe, kisha niandikie siku ya 21 uniambie umeona nini.