Mistari miwili ikishatokea

Mimba yangu ya kwanza niliificha mpaka mwezi wa tano. Huku kwetu Wete si jambo la ajabu, kwani wengi huogopa husuda, na wazee husema mimba haitangazwi mpaka ijioneshe yenyewe. Nilipofika kliniki nikaambiwa kuwa damu yangu imeshuka mno, na miezi ambayo ningekuwa nikimeza vidonge vya kuongeza damu ilikuwa imeshapita. Kwa hiyo safari ya pili, kipimo cha mkojo kilipotoa mistari miwili, nilimwambia mume wangu, nikawaficha wengine wote, na wiki ileile nikenda kituo cha afya. Kumbe mtu anaweza kuhudhuria kliniki na siri yake akabaki nayo.

Kitu cha kwanza utakachoulizwa ni tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kwa sababu mimba huhesabiwa kuanzia hapo, siku 280. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Mei huongeza siku 7 na miezi 9, akapata tarehe 17 Februari. Mimi mara ya kwanza nilikumbuka tu kwamba ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa mfungo tano, na mavyaa wangu akahesabu miezi tisa ya mwezi mwandamo, ambayo ni kiasi cha siku 266. Akapishana na muuguzi kwa wiki mbili nzima na hakukubali kushindwa. Siku hizi naandika kwenye kalenda iliyo nyuma ya mlango wa jikoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Hupimwa wingi wa damu na kundi lake, presha, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI, na ni vyema mume naye apime, kwani maradhi haya mawili ya mwisho yakigunduliwa mapema mtoto anaweza kukingwa. Asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini, nayo haitaki kungojewa, maana uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika katika wiki za mwanzo kabisa, pengine kabla mama hajajijua.

Vidonge vya kuongeza damu nilikuwa nikivimeza kwa chai ya rangi, nisijue kwamba chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Sasa navimeza kwa maji ya ndimu, na chai nainywa baadaye. Hamu ya udongo pia naijua vizuri, lakini udongo huleta minyoo, na hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Mwambie muuguzi bila ya haya. Usinunue dawa yoyote, hata ya kichwa, bila ya kusema kwamba una mimba. Mwenye kisukari, presha au kifafa asiache dawa zake ghafla, bali awahi zaidi kumwona daktari.

Ukitokwa na damu, ukapata maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, au ukazimia, usingoje kupambazuke, kwani huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Kwa sababu hiyo mume wangu alizungumza mapema na jirani mwenye gari, na nambari yake tukaiandika kwenye kalenda ileile, chini ya tarehe yangu.