Krefishi, kamba wa maji baridi: mliuliza, haya majibu

Haya jamani, tangu niwasimulie yule krefishi niliyemtoa kwenye matope pale ufuoni mwa ziwa Naivasha, Kenya, amebeba mayai chini ya mkia kama mtu aliyeficha zabibu, maswali hayajakatika. Nimechagua machache, mengine yanafanana. Na kabla hatujaanza, kwa ambao hawajawahi kumuona, huyu ni kamba wa maji baridi, ana magando mawili mbele, miguu ya kutembelea, mkia anaoukunja na akishtuka anarudi nyuma kwa kasi ajabu. Sio kamba koche wa baharini ingawa wanafanana kama ndugu.

"Niko Karagita, hapa Naivasha. Sisi hawa krefishi tumewakuta tangu utoto, lakini babangu anasisitiza zamani hawakuwepo. Ni kweli?"

Babako yuko sawa, na umsikize manake wazee wa hapo ndio walioliona ziwa likibadilika. Krefishi wa Naivasha ni yule mwekundu wa vinamasi vya Louisiana kule kusini mwa Marekani, na aliwekwa ziwani mwaka 1970 kwa makusudi, hakuponyoka mahali. Walitaka kitu cha kuuza nje, na samaki aina ya bass naye apate chakula, maana hata bass mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Na pesa ilikuja kweli, kufikia katikati ya miaka ya 70 uvuvi ulishashika moto, mamia ya tani yakawa yanaenda Ulaya kila mwaka, halafu mwanzoni mwa miaka ya 80 biashara ikaanguka na krefishi akabaki palepale.

Sasa huyu mnyama anakula karibu kila kitu, majani mabichi, majani yaliyooza, konokono, mayai ya samaki, hadi samaki aliyenasa kwenye wavu. Na kile asichokula anakikata. Mimi nilimuweka mmoja kwenye beseni la maji safi na tawi la mmea wa ziwani nikakaa kumuangalia karibu saa nzima, anashika shina kwa gando, anatafuna kidogo pale chini, shina linakatika, lile tawi linaelea juu na yeye keshahamia shina lingine. Amekula kidogo tu, ameua lote. Fikiria hiyo kazi inafanywa na mamilioni yao usiku kucha. Kufikia karibu 1983 mimea ya chini ya maji Naivasha ilikuwa imeisha karibu yote, mayungiyungi ya bluu yakapotea, maji yakawa ya matope, na kukuziwa, wale ndege weusi wenye paji jeupe ambao walikuwa wanajaa ziwani kwa maelfu, wakapungua vibaya kwa sababu walikuwa wanaishi kwa ile mimea.

Kisha krefishi nao wakakosa chakula, wakapungua, mimea ikarudi kiasi, krefishi wakaongezeka tena, mimea ikaondoka tena. Ndio mtindo wa hilo ziwa tangu hapo. Sisemi ni wao peke yao, mafunjo yamekatwa sana, maji yanavutwa, gugumaji likaja mwaka 1988, baadaye na samaki aina ya carp, kwa hiyo ziwa limebebeshwa mengi. Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba wamepanda hadi kwenye mito inayoingia ziwani, Malewa na Gilgil, na huko ndiko alikokuwa anakaa kaa wetu wa asili wa mtoni, ambaye hakuna mtu anayemuulizia.

"Shikamoo. Nina mabwawa mawili ya sato hapa Morogoro. Kuna jamaa kaniambia Zambia wanafuga krefishi wa Australia, wale wenye alama nyekundu kwenye gando, wanakua haraka na bei nzuri. Naweza kupata mbegu?"

Marahaba mwanangu. Nakuomba sana usilete, na nitakwambia kwa nini ili usidhani nakuonea kijicho.

Hao wa Zambia, redclaw, waliletwa mwaka 2001 kwa ajili ya kufugwa upande wa mto Kafue, na wakatoka. Leo wako Kafue, wako ziwa Kariba, wako mto Zambezi mpaka uwanda wa Barotse juu kule, na hakuna aliyeweza kuwarudisha. Wavuvi wanatega nyavu jioni, asubuhi wanakuta samaki ametafunwa ubavu, nani atanunua samaki wa hivyo? Bwawa halimzuii krefishi. Anachimba kingo, na usiku wa mvua anatoka anatembea nchi kavu kama yuko kwao, matamvua yake yakiwa na unyevu anapumua vizuri tu.

Halafu jiulize, maji ya bwawa lako yakifurika yanaenda wapi? Kwa wengi hapo Morogoro ni Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inanywesha Dar es Salaam. Kosa la mtu mmoja kwenye shamba la nusu eka linaweza kuishia kuwa mzigo wa mto mzima. Afrika yote ya bara haina krefishi hata mmoja wa asili, hiyo nafasi mitoni kwetu imeshikwa na kaa wa maji baridi, kwa hiyo samaki na mimea yetu haijawahi kuishi na mnyama wa aina hii wala haijui kujikinga naye. Baki na sato, ongeza kambale kama unataka kipato kingine, na mtu yeyote akikuletea mbegu ya mnyama wa majini kwenye ndoo bila karatasi, nenda kwanza kwa afisa uvuvi wako.

"Eti kuna krefishi anazaa bila dume? Mombasa hapa tumebishana mpaka usiku."

Yupo, aliyesema yupo ameshinda. Anaitwa krefishi wa marumaru kwa sababu ya madoadoa yake, na alianza kujulikana kwenye matangi ya wafugaji wa samaki wa mapambo Ujerumani miaka ya katikati ya 90. Wote ni majike. Mayai hayahitaji dume, na watoto wanatoka na jeni zilezile za mama, ni kama fotokopi. Wanasayansi walichapisha jinomu yake, yaani ramani ya jeni zake zote, mwaka 2018 wakathibitisha kwamba wale waliotapakaa duniani wote wanatokana na jike mmoja. Kwa hiyo ukimtupa mmoja tu mtoni, huyo mmoja ameshatosha kuanzisha ukoo.

Na sio hadithi ya mbali, yuko Madagaska, ng'ambo ya maji tu hapo kwetu. Aliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, akawa anauzwa sokoni Antananarivo akiwa hai, akaingia kwenye majaruba ya mpunga, na kati ya 2007 na 2017 eneo alilosambaa liliongezeka kama mara mia, kutoka kilomita za mraba kama 1,000 hadi kama 100,000. Watu wanamla, na kwa familia isiyo na nyama hicho ni chakula, siwezi kukibeza. Lakini Madagaska ina krefishi wake wa asili, aina saba ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani, wanakaa vijito vya baridi vya nyanda za juu, mfano misitu ya Ranomafana. Hao wanakua polepole mno. Watu wa vijijini wamekuwa wakiwaokota kwa mikono miaka na miaka, msitu ukiwepo kijito kinabaki cha baridi na safi nao wanaendelea kuwepo. Msitu ukikatwa maji yanapata joto na tope, wanaondoka. Sasa juu ya hayo yote anakuja jirani ambaye hahitaji hata mume ili azae mamia.

"Kama hawa wadudu wanaharibu hivyo, mbona tena unatuambia wako hatarini kutoweka? Sikuelewi."

Swali zuri kuliko yote, na sio wewe tu. Ni kwamba "krefishi" sio mnyama mmoja. Duniani kuna aina kama 700, nyingi zaidi ziko Amerika Kaskazini hasa kusini mashariki mwa Marekani, halafu Australia. Wanaosafiri na kuharibu ni wachache wa kuhesabika, na hao ndio waliobebwa na sisi binadamu kwenye ndoo na kwenye matangi. Waliobaki wengi wana makazi madogo kweli, mwingine anaishi mto mmoja tu, mwingine pango moja, mwingine bonde moja la udongo ambako anachimba shimo lake na hatoki. Tathmini ya mwaka 2015 iliangalia aina 590 ikaona karibu theluthi moja ziko hatarini kutoweka.

Kuna mmoja yuko West Virginia, krefishi wa mto Guyandotte, anakaa chini ya mawe makubwa kwenye maji yanayokimbia. Vumbi na tope la migodi ya makaa ya mawe likajaza nafasi chini ya yale mawe, na kwake nafasi chini ya jiwe ndiyo nyumba, akabakia sehemu ndogo sana mpaka serikali ya Marekani ikamuweka kwenye orodha ya wanaolindwa mwaka 2016. Mwingine wa maeneo ya San Francisco ameshatoweka kabisa. Kwa hiyo yule wa Louisiana akiwa kwao Louisiana hana kosa, kule fisi maji, korongo na mamba wa huko wanamla na mimea imemzoea. Shida ilianza alipopandishwa ndege.

"Niko Leicester Uingereza. Nyuma ya nyumba kuna kijito kimejaa kamba, wanangu wanataka tuwavue tule. Inaruhusiwa?"

Dada, kwanza usiweke mtego bila kibali, England mitego ya krefishi inahitaji ruhusa ya mamlaka ya mazingira. Ukiwaona wengi hivyo, wakubwa, na kwenye maungio ya gando pana doa jeupe au la bluu, yawezekana sana ni signal, wa Marekani, aliyeletwa Uingereza miaka ya 70 kufugwa. Yeye anabeba ugonjwa wa ukungu ambao yeye haumdhuru, lakini krefishi wa asili ya hapo, yule mwenye magando meupe kwa chini, ukimpata anakufa. Tena wanakufa mto mzima. Ugonjwa huo uliingia Ulaya kupitia Italia mnamo 1859, Sweden ukafika 1907, umemaliza krefishi wa asili sehemu nyingi sana.

Kwa hiyo cha muhimu kuliko mlo ni buti za watoto. Mbegu za ule ukungu zinasafiri kwenye kitu chenye maji, buti, wavu, ndoo, hata manyoya ya mbwa. Mkitoka kijitoni suuzeni tope lote hapohapo, mkifika nyumbani anikeni mpaka vikauke kabisa kabla hamjaenda mto mwingine. Na msiokote mmoja mkamwachia mahali pengine hata mkimuonea huruma vipi. Kuna watu kule wanahamisha wale wachache wa asili waliobaki na kuwaweka kwenye madimbwi yaliyojitenga, machimbo ya zamani na kadhalika, ambako signal hawezi kufika kwa miguu, na jozi moja ya buti zenye maji inatosha kuharibu kazi ya miaka.

"Nasikia krefishi anakula konokono wa kichocho. Si basi tumwage kwenye mabwawa yote?"

Konokono anakula, ni kweli, na Kenya ilijaribiwa, matokeo yakachapishwa 1999 yakionyesha yule mwekundu alipunguza maambukizi ya kichocho. Mimi nimeona mtoto akikojoa damu, siuchukulii huu ugonjwa mchezo. Lakini umeshasoma habari ya Naivasha hapo juu, dawa huwezi kuizima ukishaimwaga. Senegal walifanya kitu nilichokipenda zaidi, walirudisha kamba wa mtoni wa asili yao wenyewe ambaye bwawa la Diama lilikuwa limemzibia njia ya kupanda, naye anakula konokono vilevile, na maambukizi pale kijijini yakashuka. Anza na mnyama wa kwenu. Na vidonge vya kichocho kwa watoto shuleni viendelee.

"Mtoto wangu wa darasa la nne anauliza krefishi mkubwa kuliko wote yuko wapi."

Mwambie yuko Tasmania, kisiwa cha Australia, kwenye mito ya kaskazini ya kisiwa hicho. Zamani walipatikana wa kilo 5 hadi 6, yaani uzito wa mtoto mchanga wa miezi miwili mitatu. Anaweza kuishi miaka 40. Jike anafika kama miaka 14 ndio anazaa kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo anazaa kila mwaka wa pili, kwa hiyo ukimla jike mmoja mkubwa umekula kizazi. Kumvua kulipigwa marufuku mwaka 1998. Anapenda maji ya baridi, kivuli cha miti, na magogo yaliyoanguka mtoni, chakula chake kikubwa ni mti unaooza. Mwambie kabisa kwamba jitu lote hilo, na magando yanayoweza kuvunja kidole, linaishi kwa kutafuna magogo ambayo sisi tukiyaona mtoni tunasema ni uchafu utolewe.