Babu Myahudi aliyeshukia Mombasa: anzia kaburini, faili la uhamiaji lisubiri

Dada, umeuliza namna ya kumfuatilia babu yako mzaa baba, Myahudi wa Ujerumani aliyeshuka Mombasa kabla ya Vita Vikuu vya Pili na kuzikwa Nairobi, na unasema umesaka faili lake la uhamiaji ukaambulia patupu. Mimi pia ni mjukuu wa mtu wa namna hiyo. Babu mzaa mama alitoka Breslau, wakati huo mji wa Ujerumani, akawa msimamizi wa shamba upande wa Nakuru. Ushauri wangu ni uliache hilo faili kwanza, uende kaburini.

Sababu ni kwamba serikali ya kikoloni ilimwandika kuwa Mjerumani, basi. Vita vilipoanza Septemba 1939, wanaume Wayahudi kama yeye walikamatwa pamoja na Wajerumani wengine kama raia wa nchi adui, wakati Wajerumani hao hao ndio waliowakimbiza kwao. Hilo huniuma hadi leo. Wayahudi wenzake ndio waliomwandika kwa jina la baba yake, na jina la baba ndilo ufunguo wa kazi yote. Jiwe la kaburi la Kiyahudi kwa kawaida hulitaja kwa Kiebrania, hata pale upande wa Kiingereza una jina na miaka pekee. Kwenye jiwe la babu nilikuta jina la baba yake ambalo mama hakuwahi kulisikia maishani mwake.

Piga picha ya Kiebrania kwa karibu, jua likiwa limelala ili herufi zitokeze, kisha umpe anayeisoma. Ukiona mikono miwili iliyonyooshwa, huyo ni wa ukoo wa makuhani. Birika ni alama ya Walawi. Mwaka wa Kiyahudi huandikwa kwa herufi zinazosimama badala ya namba, na elfu huachwa, kwa hiyo jumlisha 1240: 700 ni 1940. Ila mwaka wao huanza karibu na Septemba, hivyo aliyekufa Novemba 1939 naye ataandikwa 700.

Jumuiya ya Nairobi ipo tangu 1904. Usijitokeze tu kwenye lango la sinagogi, kuna ulinzi. Andika barua, taja jina, mwaka wa kifo na undugu wenu, uombe daftari la maziko na la ndoa. Na hapa niseme wazi, kwa sababu wengi wetu tuna historia hii: kama bibi yako alikuwa Mwafrika na ndoa haikuandikishwa popote, usitegemee kumkuta baba yako humo. Isikuvunje moyo. Unatafuta ukoo wa babu, na damu yake unayo tayari.

Baada ya hapo pitia Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo matoleo ya zamani yanasomeka bure mtandaoni. Tafuta matangazo ya mirathi na ya maombi ya uraia. Jaribu tahajia zote: Jakob huweza kuwa Jacob au Jack. Ukiwa na tarehe kutoka humo, nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, uulize mafaili ya wakimbizi na ya wageni wa nchi adui. Usiulizie "Wayahudi" tu.

Orodha za abiria zinachosha watu bure. Zile za Hamburg, bandari ya Ujerumani, zinaishia 1934, kwa hiyo aliyeondoka 1938 hayumo. Zile za hifadhi ya taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, zinakwenda 1890 hadi 1960, lakini ni za meli zilizong'oa nanga Uingereza. Kama babu alipandia Genoa, Italia, usipoteze pesa huko.

Ukishakuwa na jina la baba na mji, ndipo uvuke ng'ambo. Angalia mji huo leo uko nchi gani: Breslau sasa ni Wrocław, Poland, na vitabu vya vizazi viko kwenye hifadhi ya serikali ya huko. Soma pembeni mwa ukurasa. Kuanzia Januari 1939 sheria ya Wanazi iliwalazimisha wanaume Wayahudi kuongeza jina "Israel" na wanawake "Sara", na makarani waliliandika hata kwenye kumbukumbu za kuzaliwa za miaka mingi nyuma. Kwa hiyo "Israel" kwenye pasipoti ya 1939 usiliingize kwenye mti wa ukoo kama jina alilopewa na wazazi.

Mwisho tafuta ndugu zake katika Gedenkbuch, kitabu cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, cha hifadhi ya taifa ya Ujerumani, kilichopo mtandaoni. Usikifungue ukiwa peke yako usiku. Mimi nilikuta dada wa babu, na mji alikopelekwa. Kwa nyaraka zaidi waandikie Arolsen Archives, hifadhi ya kumbukumbu za wahanga wa Wanazi iliyoko Bad Arolsen, Ujerumani. Hawatozi ada kwa familia, ila jibu huchukua miezi.